Nyasi za Tlawi: Kutoka Paani hadi Bustanini

Kiswahili kina majina mengi ya nyasi, lakini hakina bidii ya kuzitenga. Ile itambaayo mbele ya nyumba na kuziba udongo huitwa ukoka. Ile yenye kiazi kidogo chini, ambayo mkulima hung'oa leo na kuikuta tena kesho kutwa, huitwa ndago, ingawa wataalamu wa mimea huitoa katika jamaa ya nyasi. Yako matete ya kandokando ya mito, uko mchaichai wa kutia katika chai, na yako mabingobingo ya kukatia ng'ombe. Juu ya majina hayo yote limekaa neno moja ambalo kwa hakika si jina la mmea wowote, nalo ni magugu. Neno hilo ni hukumu. Nyasi iitwayo magugu katikati ya mahindi huitwa malisho ikimea mlimani, huitwa ezeko ikiwa juu ya nyumba, na ikipandwa kwa safu mbele ya baraza la mwenye nafasi huitwa pambo. Mmea ni ule ule. Aliyebadilika ni mwenye kuutazama.

Historia ya hukumu hiyo yaweza kufuatwa vizuri katika nyanda za juu za Mbulu, na hasa katika sehemu za Tlawi. Tlawi ni kata ya Wilaya ya Mbulu katika Mkoa wa Manyara, na karibu yake pana ziwa dogo lenye jina hilo hilo. Herufi mbili za mwanzo wa jina huwasumbua wageni, kwa kuwa zinaandika sauti ya Kiiraqw ambayo hewa yake hupita pembeni mwa ulimi, na Kiswahili hakina sauti ya namna hiyo. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi, ndugu wa Kigorowa, Kialagwa na Kiburunge. Nchi ni ya milima na mabonde, juu ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Mvua hunyesha kuanzia mwezi wa Novemba hadi Mei. Kisha huja miezi mitano ya ukavu, na miwili ya mwanzo wake, Juni na Julai, ina baridi ya kumfanya mtu wa pwani aulize iwapo kweli yuko Tanzania. Katika nchi kama hii nyasi ina maisha mawili kwa mwaka mmoja: maisha ya kijani na maisha ya manjano. Watu wa Mbulu walijifunza zamani kuyatumia yote mawili.

Chimbuko la Wairaqw wa sasa, kwa kadiri ya masimulizi yao, ni Irqwa Da'aw, nchi ya matuta na vijito iliyo upande wa msitu wa Nou. Waandishi wengi wa zama za ukoloni walistaajabia kilimo cha huko. Waliona mashamba yaliyopandishwa matuta kwa kukingama na mteremko, samadi iliyobebwa kutoka zizini, na mabonde yaliyochimbwa mifereji ya kutoa maji. Wakauliza, watu hawa walijifunza wapi kazi ngumu namna hii, hali majirani zao walilima kwa kuhamahama? Jibu lililopendwa lilikuwa kwamba walilazimishwa. Wamaasai waliwazingira, wakabanwa katika kipande kidogo cha ardhi, na shida ikawafundisha. Rai hii ilikaa miaka mingi bila kusukumwa. Mwaka 2004 Lowe Börjeson wa Stockholm alitoa kitabu juu ya kilimo cha nyanda za Mbulu, na ndani yake akaonyesha kwamba hoja ya kuzingirwa haitoshi. Mandhari ile ilijengwa kidogo kidogo, mwaka hata mwaka, kwa kazi za kawaida za palizi na kilimo, wala haikuhitaji adui mlangoni ili ianze. Hapo ndipo nyasi inapoingia katika historia.

Maana kazi hizo za kawaida, kwa sehemu kubwa, zilikuwa kazi za nyasi. Majani yaliyoota katika shamba lililopumzishwa hayakuchomwa moto wala kutupwa mpakani. Yalifyekwa, yakalazwa pamoja na mabua ya mwaka uliopita, na udongo ukageuzwa juu yake, yakawa moyo wa tuta. Tuta hilo lilizuia maji yasikimbie. Majani yakaoza ndani yake. Mwaka wa pili likapasuliwa na udongo kupelekwa upande mwingine. Kwa hiyo mkulima wa Kiiraqw hakuwa adui wa nyasi. Aliipa muda wa kumea, akaipa muda wa kufa, na baada ya kufa akaiweka mahali alipotaka. Ikiwa kutunza mmea ni kujua saa ya kuukata, basi huu ulikuwa utunzaji kamili, ingawa hapakuwa na mtu aliyeuita bustani.

Matumizi ya pili yalikuwa nyumba. Wairaqw walijenga kwa namna zaidi ya moja. Zilikuwako nyumba zilizochimbwa katika ubavu wa kilima na kufunikwa udongo, ambazo adui angeweza kupita karibu asizione. Na zilikuwako nyumba za mviringo zenye paa la nyasi. Paa la nyasi si jambo la kuokota majani popote. Huhitaji nyasi ndefu yenye ufito mgumu, iliyoachwa mpaka mbegu zikapukutika na bua likakauka, isiyoliwa na ng'ombe na isiyopitiwa na moto. Kila sharti kati ya hayo lina maana ya uangalizi. Nyasi isiyoliwa na ng'ombe katika nchi yenye ng'ombe wengi ni nyasi iliyolindwa na mtu. Nyasi isiyoungua katika miezi ya ukavu ni nyasi ambayo jirani zake wamekubaliana kuiepusha na moto. Ikikatwa mapema, mbegu hubaki katika ezeko na kuwavuta panya na ndege. Ikikatwa ikiwa na unyevu, huoza kabla ya miaka yake. Mundu hupita shubiri moja hivi juu ya ardhi, kwa sababu shina likikatwa hadi kwenye udongo chipukizi la mwaka ujao hufa kwa baridi na jua. Mtu aliyeezeka nyumba yake mara mbili au tatu maishani alikuwa amejua tabia za nyasi kuliko bwana shamba mwenye vitabu.

Kisha likaja bati. Hapana haja ya kulilaumu. Halivuji, haliungui kwa cheche ya jikoni, na halidai kubadilishwa kila baada ya miaka michache. Lakini bati lilifanya kazi moja ambayo haikukusudiwa. Liliivua nyasi ndefu cheo chake. Kiwanja kilichokuwa kikihifadhiwa kwa ajili ya ezeko kilikosa sababu ya kuhifadhiwa. Kikalimwa, au kikaachiwa mifugo. Ufundi wa kuchagua na kukata ukabaki kwa wazee. Jambo hili halikuandikwa katika ripoti yoyote ya kuvutia, maana hakuna serikali iliyolipitisha wala kulipinga.

Lililoandikwa sana ni jambo la ng'ombe. Mwishoni mwa miaka ya 1940 na katika miaka ya 1950 serikali ya Kiingereza iliendesha Mpango wa Maendeleo ya Mbulu. Msingi wake ulikuwa kwamba nyasi zinakwisha, ardhi inamomonyoka, na sababu ni wingi wa mifugo. Vichaka vilifyekwa ili kuwafukuza mbung'o na kufungua nchi mpya, na watu wakaamriwa kupunguza ng'ombe wao. Mwanahistoria Yusufu Lawi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika makala yake ya mwaka 1999 juu ya mandhari na elimu ya mazingira ya Wairaqw kati ya miaka ya 1920 na 1950, ameonyesha jinsi wenyeji na watawala walivyoitazama nchi moja kwa macho mawili. Kwa wenyeji mto ulikuwa na wenyewe, na kilima kilikuwa na miiko. Kwa ofisa nchi ilikuwa eneo, na eneo likagawiwa kwa idadi ya vichwa vya ng'ombe.

Haki inadai isemwe kwamba maofisa hawakukosea yote. Makorongo yalikuwapo. Na jirani ya Mbulu, huko Kondoa, ushahidi ulikuja baadaye kuwaunga mkono kwa sehemu: mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika sehemu zilizoharibika. Nyasi zilirudi zenyewe juu ya udongo mwekundu uliokuwa uchi. Lakini mwenye kusoma habari hiyo asisahau kuuliza ng'ombe walikwenda wapi, na nani alikosa maziwa nyasi zilipokuwa zikirudi. Kosa la maofisa wa Mbulu lilikuwa la namna nyingine. Walihesabu wanyama na hawakuihesabu kazi. Waliona nyasi kama kitu kilichojiotea ambacho watu hukila mpaka kikaisha. Nyasi iliyofukiwa tutani, nyasi iliyolindwa kwa ajili ya paa, nyasi iliyokatwa bondeni na kupelekwa kwa ndama, hizo hazikuwa na safu katika daftari.

Madhara ya kutoiona kazi hiyo yalionekana wazi zaidi upande wa Hanang, na humo mkosaji hakuwa mkoloni. Katika tambarare za Basotu, Wabarabaig, ambao ni Wadatoga, walikuwa wakihamisha mifugo yao kwa majira, wakiacha sehemu moja ipumzike walipotumia nyingine. Ardhi iliyopumzishwa hivyo, kwa mtu anayepita na gari, huonekana kama ardhi isiyo na mtu. Tangu miaka ya 1970, kwa msaada wa Kanada, shirika la umma lililoitwa NAFCO lilifungua humo mashamba saba makubwa ya ngano, yapata ekari 100,000 kwa jumla. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda Mahakama Kuu kwa kesi ya mwaka 1981, wakashinda. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikatengua. Ilisemwa kwamba halmashauri ya kijiji haikuthibitisha kuwa iligawiwa ardhi ile, na kwamba walalamikaji wengi hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji kwa maana ya sheria. Watu waliozaliwa juu ya nyasi ile walitakiwa walete ushahidi kuwa ni wenyeji wake. Kama wangalikuwa wameipanda kwa safu, pengine isingalihitajika hoja. Safu ni ushahidi ambao kila hakimu huuelewa.

Na safu ndiyo iliyoleta bustani. Nyasi ya kutazamwa, isiyoliwa na isiyoezekwa, ilifika katika nchi ya bara pamoja na boma na misheni. Mbele ya ofisi ya serikali palitakiwa kiwanja cha kijani kilichokatwa chini, na waliokikata, kama wazee wengi wa Tanzania wanavyokumbuka, walikuwa wafungwa wenye mafyekeo. Katika mawazo ya watu wengi, kwa hiyo, ukoka wa mapambo ulihusiana na dola kabla haujahusiana na uzuri. Kejeli iliyomo humo ni kwamba ukoka huo wenyewe mara nyingi ulikuwa mwenyeji.

Ile nyasi ambayo dunia huiita nyasi ya Kikuyu ni ya nyanda za juu za Afrika ya Mashariki, tangu Ethiopia hadi kaskazini ya Tanzania. Jina lake la kitaalamu lilitangazwa mwaka 1903 na Mwitalia Emilio Chiovenda: Pennisetum clandestinum, yaani ile ifichayo. Jina hilo limechaguliwa vizuri. Nyasi hii haitoi suke linaloonekana. Ua lake hukaa ndani ya ala ya jani, na katika kiwanja kilichokatwa chini huchungulia nje kwa nyuzi nyeupe tu asubuhi na mapema, mtu akidhani ni utando wa buibui wenye umande. Baada ya miaka michache ilikuwa imefika Afrika ya Kusini na Australia, ikasifiwa kwa viwanja vya michezo na malisho. Leo Marekani inaiweka katika orodha ya magugu mabaya yasiyoruhusiwa kuingizwa bila kibali. Tangu mwaka 2010 wataalamu wengi wameihamishia katika jenasi ya Cenchrus, jambo ambalo nyasi yenyewe haijalitambua.

Safari za namna hii zilikuwa nyingi. Nyasi moja ya malisho ya Afrika, Chloris gayana, iliendelezwa mwishoni mwa karne ya 19 katika milki ya Cecil Rhodes huko Rasi, na tangu hapo ikaitwa kwa Kiingereza nyasi ya Rhodes, kana kwamba aliizaa. Na katika nyanda za Mbulu na Ngorongoro limo shina gumu la nyasi ambalo ng'ombe huliepuka likikomaa, wafugaji wakaliona kero; jina lake, Eleusine jaegeri, limebeba kumbukumbu ya Fritz Jaeger, Mjerumani wa jiografia aliyesafiri katika nyanda hizo katika miaka ya 1906 na 1907. Majani yake ni marefu, membamba, yenye nguvu ya kamba, nayo hukua kwa fungu la duara lililoinama pande zote. Mtu anayetafuta nyasi ya mapambo katika orodha za wauza miche wa Ulaya anatafuta umbo lile lile.

Leo bustani ya nyasi si ya boma peke yake. Walimu, wauguzi, wafanyabiashara na mapadre hupanda nyasi mbele ya nyumba zao, na wengi hununua miche mjini, kwa kuwa kitu kinachouzwa huaminiwa kuliko kitu kinachoota. Ndiyo maana inafaa kutaja habari za nyasi ya chemchemi, Cenchrus setaceus, yenye masuke ya waridi yanayoinama kama maji yanayoruka. Msweden Peter Forsskål aliyeieleza alifariki Yemen mwaka 1763, na maandishi yake yakachapishwa mwaka 1775. Asili yake ni Afrika ya Kaskazini na ya Mashariki pamoja na nchi za Uarabuni. Bustani ziliipeleka Hawaii mwanzoni mwa karne ya 20. Mbegu zake huchukuliwa na upepo, majani yake makavu huwaka upesi, na baada ya moto huchipua mbele ya mimea mingine. Hivyo ikatwaa miteremko ya volkano iliyokuwa na misitu mikavu. Umoja wa Ulaya uliitia katika orodha yake ya mimea vamizi mwaka 2017. Katika nchi ya miezi mitano ya ukavu, yenye msitu wa hifadhi jirani, mtu apandaye nyasi ya namna hii bila kukata masuke kabla mbegu hazijakomaa anapanda katika shamba la mwenzake pia.

Utunzaji wa nyasi za mapambo, ukitazamwa kwa makini, hauna jambo ambalo mwezekaji wa zamani asingelitambua. Nyasi ya fungu hupandwa mvua zikishaingia, Novemba au Desemba, ili mizizi ishike kabla ya ukavu. Haipendi samadi nyingi. Ikishibishwa hurefuka, hulegea, na mvua ya kwanza kubwa huilaza chini. Ng'ombe angefurahi, lakini bustani huharibika. Ikikauka mwezi wa Juni haifai kukatwa mara moja, kwa sababu majani makavu ndiyo blanketi ya shina wakati wa baridi, na rangi yake ya dhahabu ndiyo sehemu ya pambo ambayo mpandaji mgeni hudhani ni kifo. Hukatwa Oktoba, kabla ya mvua, kwa mundu mkali, shubiri moja juu ya ardhi. Baada ya miaka mitatu au minne katikati ya fungu hufa na kubaki duara tupu. Hapo huchimbwa lote kwa jembe, hupasuliwa vipande vyenye chipukizi za pembeni, na moyo uliokufa hutupwa. Bora zaidi, hufukiwa katika tuta la mahindi, kama ilivyokuwa desturi.

Ukoka una sheria nyingine. Fungu hudai subira. Ukoka hudai mpaka. Nyasi ya Kikuyu ikiachwa mwaka mmoja huvuka njia, hupanda ukuta, huingia katika kitalu cha mboga chini kwa chini. Wenye busara huchimba mfereji mwembamba kati ya kiwanja na shamba na kuusafisha kila baada ya wiki chache. Mfereji huo ndio unaoamua. Upande huu wa mfereji nyasi hunyweshwa maji, hukatwa kwa mashine, na mtoto akiikanyaga hugombezwa. Upande wa pili, hatua moja tu mbali, mama mwenye jembe huing'oa ile ile pamoja na mizizi yake, huikung'uta udongo, na kuirusha juani ikauke.